Sura ya Saba: Kufuga Shimo

Kijana aliyekuwa akichimba msingi wa nyumba ya jirani ndiye aliyeniita. Ilikuwa Oktoba 2016, mvua za vuli zimechelewa, udongo wa Kalangalala, kwetu Geita, umekauka kama tofali la kuchoma, na sululu kila ikigonga changarawe inatoa cheche. Kabla ya kuja mjini kutafuta vibarua, kijana yule alikuwa amekaa miaka kadhaa machimboni, kwa hiyo akiona shimo macho yake hukimbilia kuta kwanza. "Mwalimu," akaniambia, "hebu njoo. Hapa kuna duara lina mlango."

Nilipiga magoti. Hatua mbili kutoka kwenye kamba ya msingi palikuwa na kitu cha mviringo, kipana kama sarafu ya shilingi mia mbili na kinene kama kizibo cha chupa, kimepakwa udongo uleule mwekundu wa pale hata usingekiona kama hujaoneshwa. Kijana alikiinua kwa ncha ya kijiti. Kiliinuka upande mmoja tu, kwa bawaba, na chini yake kukatokea tundu lililotandikwa kitambaa cheupe kuanzia mdomoni hadi gizani. Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa na vitundu viwili vidogo, kama alama za sindano. Alipotoa kijiti, kifuniko kilijifunga. Akajaribu tena, kikagoma. Kulikuwa na mtu ndani, ameking'ata kwa vile vitundu viwili na kukivuta chini kwa nguvu zake zote.

Nitamwita buibui wa kifuniko. Yule wa kwetu ni wa familia ya Idiopidae, ambayo ina jamaa zake kote Afrika, Asia ya kusini, Australia na Amerika Kusini. Hategi wavu. Anachimba kwa safu ya miiba migumu iliyo mbele ya taya zake, hiyo ndiyo sululu yake. Anakandika kuta kwa mate na udongo, anazifunga kwa hariri, kisha anafyatua kifuniko tabaka juu ya tabaka. Mchana anajifungia. Usiku anakaa chini ya kifuniko akikiacha wazi kidogo sana, miguu ya mbele imegusa ukingo, anasikiliza ardhi. Mende akipita karibu, kifuniko kinafunuka, buibui anatoka nusu mwili, miguu ya nyuma imebaki shimoni, na mende anaingia. Ukipepesa macho umekosa.

Geita tunajua mashimo. Mgodi mkubwa wa kwanza hapa ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, wa sasa umefanya kazi tangu 2000, na katikati ya hiyo miwili kuna maduara ya wachimbaji wadogo yasiyohesabika, mengine yana matimba imara, mengine mtu anazama ndani akimwachia Mungu. Duara likiisha dhahabu linaachwa, watu wanahamia rashi nyingine. Huyu mdogo wa kwenye kiwanja cha jirani alikuwa na duara moja tu tangu utoto wake. Alikuwa amelipanua kadiri alivyokua, akakibadilisha kifuniko kidogo kwa kikubwa zaidi, na asingehama. Msingi ulikuwa unapita juu yake kesho asubuhi.

Nikamchimbua. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nililifanya kwa nia njema. Nilimwondoa kwa kijiko, jike mnene, mweusi anayeelekea kahawia, tumbo kama zabibu kavu, nikamweka kwenye ndoo ya lita ishirini niliyoijaza udongo laini uliochekechwa. Niliona nimemtengenezea peponi. Kwa usiku mbili alizunguka ukingo wa ndoo, kulia, kulia, kulia, bila kusimama. Usiku wa tatu alisimama katikati. Hakuchimba hata kidogo. Siku ya tisa nilimkuta amekunja miguu yote chini ya kifua, ishara ambayo kila anayefuga buibui anaiogopa.

Ilinichukua muda kuelewa. Buibui wa namna hii hupumua kwa mapafu yaliyopangwa kama kurasa za daftari, na hewa kavu humnyonya maji haraka. Shimoni hewa ni ya unyevu mwaka mzima. Juu ya ardhi, mwezi wa Oktoba, ni tanuri. Mtoto wa buibui huyu anajua kuchimba kwa sababu ndio umri wake wa kuchimba. Jike mzima ni mkarabati: anapanua, anaziba nyufa, anaongeza tabaka. Kumpa uwanja mtupu aanze moja ni kama kumvua kobe gamba na kumwambia ajitafutie jingine. Nilikuwa nimemwokoa buibui na kuliacha shimo, na kumbe shimo lilikuwa nusu ya mwili wake.

Kuna Mwingereza aliyeyaona haya mapema kuliko sisi sote. John Traherne Moggridge alikuwa akikaa majira ya baridi huko Menton, pwani ya kusini ya Ufaransa, kwa sababu ya afya yake mbovu, na mwaka 1873 alichapisha kitabu juu ya sisimizi wavunaji na buibui wa vifuniko. Alifanya jaribio ambalo bado nalifikiria. Alikuta kifuniko kilichopambwa kwa kuvumwani katikati ya ardhi yenye kuvumwani, kimejificha kabisa. Akakiondoa, akapalilia ardhi yote ya jirani ikabaki udongo mtupu. Buibui akatengeneza kifuniko kipya, akaenda kutafuta kuvumwani mbali, akakipamba vilevile kama zamani. Sasa kilikuwa kishada cha kijani katikati ya uwanja wa kahawia, kinaonekana kwa mbali. Moggridge alifariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 32 hivi, na kila nikimwagilia ndoo zangu namkumbuka.

Buibui hawa hawakai mbali na mama zao. Watoto wakitoka huchimba karibu, kwa hiyo ukikuta kifuniko kimoja, tafuta. Kijana wa sululu na mimi tuliutafuta ule uwanja kwa kuumwagilia maji: udongo ukilowa, ukingo wa kifuniko hujichora kama duara la penseli. Tulipata vingine sita kabla jua halijazama. Viwili vilikuwa tayari vimepasuliwa na sululu. Vinne vilivyobaki tulivihamisha na mashimo yake. Nilinunua bomba la plastiki la inchi nne, nikalikata vipande vya nusu mita, tukachimba mtaro kuzunguka kila shimo hadi likabaki kama nguzo ya udongo, tukaivisha bomba kutoka juu, tukakata chini kwa jembe na kuziba kwa kokoto na kitambaa. Kwa nguzo moja tulitumia karibu saa mbili. Yule kijana alifanya kazi ile kwa uangalifu ambao sijauona kwa fundi yeyote wa nyumba yangu. "Kuta za duara hazitaki haraka," alisema. Mtu aliyewahi kufukuliwa kwenye kifusi halisemi neno hilo kirahisi, naye alishawahi.

Mabomba manne niliyasimamisha uani, chini ya mwembe, ndani ya pipa lililokatwa nusu na kujazwa mchanga. Nikayaandika kwa rangi: 1, 2, 3, 4. Asubuhi ya tatu mama wa nyumba ya nyuma alichungulia juu ya ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Mbona kila siku unamwagilia na hakuna kinachoota?"

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akaangalia mabomba, akaniangalia. "Kwa hiyo unafuga shimo," alisema, na akarudi kuendelea na mahindi yake. Sijapata maelezo bora zaidi ya kazi hii tangu siku ile.

Bomba 1 lilikufa kwa wema wangu pia. Nilimwagilia mno, maji yakatuama chini, ukungu mweupe ukapanda juu ya hariri, na nilipofungua kifuniko mwezi wa Desemba harufu ilinieleza yote. Tangu hapo namwagilia upande mmoja tu wa bomba, robo kikombe, na upande wa pili nauacha ukauke, ili mwenye shimo achague mwenyewe ukuta wa kuegemea.

Watanzania tunayo hadithi yetu kubwa ya kufuga kiumbe pamoja na mahali pake. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 kwenye bonde dogo la Udzungwa, akiishi ndani ya manyunyu ya maporomoko na si kwingineko duniani. Bwawa la umeme lilipoyakata maji yale, chura 499 walichukuliwa mwaka 2000 kwenda Bronx, New York, na huko wataalamu walijifunza kwa vifo vingi kwamba walichotakiwa kufuga ni manyunyu. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni, ambako mabomba ya kunyunyiza maji yalikuwa yamefungwa kufanya kazi ya maporomoko. Mimi sina Bronx wala bajeti. Nina ndoo, kikombe na chupa ya kupulizia. Lakini nilipoisoma hadithi ile niliona jamaa zangu.

Tatizo la pili lilikuwa dume. Dume wa buibui wa kifuniko huishi shimoni kama jike hadi apevuke, na akishapevuka haongezi tabaka tena. Anasuka kitambaa kidogo, anadondosha mbegu zake juu yake, anazifyonza kwenye vipapasio viwili vilivyo mbele ya miguu, kisha anasubiri mvua. Udongo ukilainika na hewa ikiwa na unyevu anatoka usiku, hali tena, anatembea akitafuta vifuniko. Baada ya msimu huo hana mwingine. Kumpata dume kwa hiyo ni kungoja mvua, na kukesha.

Mvua za 2016 zilipokuja, kumbikumbi walimiminika kwenye taa ya kibaraza, watoto wakaweka mabeseni ya maji chini yake kuwakinga kama kila mwaka. Katika beseni moja, katikati ya mabawa yanayoelea, kulikuwa na buibui mwenye miguu mirefu akipiga makasia. Dume. Nilimkausha kwa kipande cha kanga, nikamwachia kando ya kifuniko cha Bomba 2.

Kwa dakika kumi hakufanya kitu. Kisha akagonga. Sijui neno jingine: aliinua miguu ya mbele na vipapasio akagonga ukingo wa kifuniko, taratibu, akanyamaza, akagonga tena. Kifuniko kikatetemeka. Kikainuka unene wa ukucha. Wakutane au aliwe, yote mawili yalikuwa mlangoni. Jike alitoka kifua kizima, meno juu, naye dume akaingia chini ya meno yale na kuyashikilia kwa ndoano alizo nazo kwenye miguu ya mbele, akimsukuma jike juu kama mtu anayeinua mlango wa duka. Hivyo tu ndivyo anavyofika. Ilikwisha chini ya dakika moja, akaruka nyuma, kifuniko kikajifunga. Niligundua nilikuwa nimezuia pumzi.

Kisha nikakosea kuhesabu. Kiangazi cha 2017 Bomba 2 lilijiziba kwa hariri na udongo, nami nikaambia kila mtu kuna mayai. Agosti kifuniko kilifunguka na nje yake kulikuwa na ganda tupu, limetolewa kama mtu anavyotupa nguo kuukuu. Alikuwa amejivua. Jike wa jamii hii hujivua maisha yake yote, hata akiwa mzima, na anapojivua anatoa pia ngozi ya ndani ya vifuko anamohifadhi mbegu za dume. Mbegu zilizokuwamo zinatupwa na ganda. Mwaka mzima wa kazi ulikuwa mkononi mwangu, mwepesi kuliko ganda la karanga.

Novemba 2017 nilipata madume wawili. Mmoja aliliwa Bomba 4 kabla hajagonga mara ya pili. Mwingine alipokelewa Bomba 2, na usiku wa nne akapokelewa Bomba 3. Niliandika kila saa kwenye daftari.

Bomba 3 nililipoteza Machi. Nilikuta kifuniko kimetobolewa, tundu dogo safi kama limechomwa kwa msumari wa moto, na siku hiyohiyo nilimwona mhusika akizunguka pipa: nyigu mweusi mwenye mng'ao wa bluu, anatembea huku akitikisa mabawa. Nyigu hawa huingia, humchoma buibui akapooza bila kufa, hutaga yai moja juu yake, na funza hula chakula kibichi kwa siku nyingi. Wakati ule nililia kidogo, sioni aibu kusema. Mwezi uliofuata, Aprili 2018, zikatoka habari kutoka Australia za buibui aliyeitwa Namba 16. Mtafiti Barbara York Main alikuwa ameanza mwaka 1974 kuweka vibao vidogo vyenye namba kando ya mashimo katika hifadhi ya North Bungulla, Australia Magharibi, akirudi mwaka baada ya mwaka kuangalia nani yupo. Namba 16 alikuwa miongoni mwa watoto wa mwanzo. Oktoba 2016, mwezi uleule ambao mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye msingi wa jirani, mtafiti mwenzake alikuta kifuniko cha Namba 16 kimetobolewa na nyigu. Buibui yule alikuwa na miaka 43, mzee kuliko buibui mwingine yeyote aliyewahi kurekodiwa. Main alifariki mwaka 2019. Wanawake wawili walioshika shimo moja kwa miongo minne, mmoja kutoka juu, mmoja kutoka ndani.

Bomba 2 halikujivua tena. Lilikaa limezibwa kiangazi chote cha 2018, na mimi sikuthubutu kugusa. Usiku wa mvua ya pili ya Novemba niliinama na tochi yenye karatasi nyekundu. Kifuniko kilikuwa kimeinuliwa kidogo, na chini ya ukingo wake wakawa wanatoka: rangi ya chai ya maziwa, wadogo kuliko chawa wa kuku, wakisukumana, wakipanda mgongoni mwa mama yao na kushuka. Nilihesabu 31. Mama hakuwagusa.

Waliotapakaa kwenye mchanga wa pipa walianza kuchimba usiku uleule. Kufikia wiki ya pili, uso wa mchanga ulikuwa na vifuniko vya upana wa punje ya mtama, kila kimoja na bawaba yake. Hakuna aliyewafundisha. Wiki ya tatu siafu walipita. Pipa lilikuwa chini, na siafu hawaombi njia. Nilimwaga majivu, nikamwaga mafuta ya taa kuzunguka, nikawa nafanya vita hadi alfajiri. Vifuniko vinene vya wakubwa vilihimili. Vya watoto havikuhimili. Walibaki tisa.

Watu wakijua una kitu adimu uani, wanauliza bei. Mji wetu umezoea kupima kila kitokacho ardhini. Mgeni mmoja alinitajia kiasi kwa kila kichwa, akitaka "kuwapeleka nje". Nilimwambia Tanzania ilikuwa imezuia usafirishaji wa wanyamapori hai tangu 2016. Akaniambia wadudu hawaonekani mpakani. Mwaka 2025 Kenya ilionesha kwamba wanaonekana: vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa na malkia wa sisimizi wavunaji wapatao 5,000 ndani ya vijichupa vyenye pamba, na mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja au kifungo cha mwaka mmoja. Sisimizi wavunaji, jamaa za wale wa Moggridge. Nafikiri kuhusu biashara hii zaidi ya ninavyotaka. Kipepeo anayefugwa hukamilisha mzunguko ndani ya wiki chache, ndiyo maana vijiji vya Amani na vile vya jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke viliweza kuishi naye. Buibui wa kifuniko anahitaji karibu miaka mitano kabla hajazaa. Anayekwambia anauza waliozaliwa ndooni, muulize ameanza lini.

Miaka ikapita hivyo, robo kikombe kwa robo kikombe. Nyumba ya jirani iliezekwa, uwanja wake ukamwagwa zege. Viwanja vya nyuma vilipimwa, vikajengwa. Vifuniko vya watoto vilifika upana wa punje ya hindi, kisha kifungo cha shati. Watoto tisa wakawa saba. Kila mvua ya kwanza niliweka mabeseni chini ya taa, na tangu 2020 sikupata dume hata mmoja ndani yake, kumbikumbi tu. Bomba 4, yule aliyemla mchumba wake, alikuwa hajawahi kuzaa uani kwangu.

Mwaka 2023, kifuniko kimoja kati ya saba kiliacha kukua. Chakula nilichoweka usiku nilikikuta asubuhi. Oktoba nzima hakikufunguka. Mvua ilianza Jumanne moja mwezi wa Novemba, ikapiga bati hadi saa tano usiku, na nilipotoka na tochi kifuniko kile kilikuwa wazi kabisa, kimelala chali, na shimo tupu. Nilitafuta kwa nusu saa. Alikuwa kwenye ukingo wa pipa, miguu mirefu, vipapasio vimevimba nchani kama vijiti vya kupigia ngoma, anapima hewa upande wa ukuta wa zege.

Nilimchukua kwa kikombe. Alikuwa ndugu wa wale sita na mtoto wa Bomba 2, kwa hiyo sikuwa na pa kumpeleka ila kwa yule mkali. Nilimweka sentimita kumi kutoka kifuniko cha Bomba 4 na kurudi nyuma. Alisimama. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka mwembeni. Akainua miguu ya mbele, akagonga, akanyamaza. Akagonga tena, na kifuniko kikatetemeka, kikainuka unene wa ukucha. Nikazima tochi.